Kabla hujahamia Tanga, hesabu wateja kwanza

Huu ni mwaka wa nne tangu niteremke stendi ya Kange na cherehani mbili, mtoto mmoja na mama yangu. Haipiti wiki bila fundi mwenzangu wa Dar kunipigia simu: "Shoga, huko vipi, nije?" Wengi huanza kwa kuuliza kodi ya nyumba. Nawaelewa, na mimi nilianzia hapo hapo.

Tabata nilikuwa nalipa 250,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Hapa Tanga, mtaa wa Makorora, nimepata vyumba viwili na uwa wa kuanikia kwa 120,000. Dukani naenda kwa baiskeli, dakika kumi. Dar nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala ya Kariakoo, narudi mtoto kashalala. Hapa akitoka shule anakuja dukani, anaingia chini ya meza ya kukatia na sumaku yake, ananiokotea pini. Kama una mtoto mdogo, hilo lipe uzito kuliko kodi.

Sasa kazi. Nilifika mwezi wa Shaabani, harusi juu ya harusi kabla ya Ramadhani. Nashona mpaka saa sita usiku, najiambia nilichelewa kuhama. Ikaja Idi, kila mtu anataka nguo mpya. Baada ya Idi, kimya. Wiki nzima napunguza suruali mbili na kubadilisha zipu moja. Akiba yote ya Dar ililiwa miezi ile. Dar mteja akikuacha, yupo mwingine mlangoni. Tanga watu ni wale wale, na mafundi wa Ngamiani, mtaa unaohesabiwa kuanzia Barabara ya Kwanza mpaka ya 21, wamewashonea watu hao tangu enzi za bibi zao. Kila familia ina fundi wake. Humng'oi kwa bei, unasubiri siku anapozidiwa na kazi.

Ndiyo maana nakwambia njoo kwanza bila mizigo, uje mwezi mkavu wa kazi, ukae wiki tatu. Omba kukaa kwenye baraza la fundi yeyote uhesabu wanaoingia. Ukija msimu wa harusi utadanganyika kama mimi.

Vifaa navyo. Kitambaa cha kawaida kipo, bitana ipo, ila ukitaka rangi ya peke yake unaitafuta mpaka unachoka. Kuna bibi harusi alileta satini ya zambarau iliyoiva, na mji mzima sikupata zipu ya kufanana nayo. Nikampigia muuzaji wangu wa Kariakoo asubuhi, akaitia kwenye bahasha, akamkabidhi konda. Zipu ya 1,000, nauli ya bahasha 5,000. Saa tisa niko Kange juani, natazama kila basi linaloingia. Likafika magharibi. Nikaishona usiku ule, asubuhi ndiyo harusi. Tangu hapo nina kopo la biskuti lililojaa zipu za kila rangi, na kila mzigo unaopanda kutoka Dar naongezea.

La kunigusa zaidi ni hili la kujuana. Nililibana kwapani gauni la mama mmoja, la Ijumaa. Jumatatu muuza mihogo akaniuliza limekuwaje. Nikalifumua, nikaongeza vipande, nikalipeleka mwenyewe kwake na kumwomba radhi. Mama yule akaniletea binti zake watatu, na kupitia kwao ndipo nikapata wateja wa kudumu. Mahali hapa kosa linafika mbali, na namna ulivyolirekebisha inafika vile vile. Ila kudai deni ni kazi nzito: mdaiwa ni jirani, anakuita mwanangu, jana kakuletea futari. Siku hizi siweki mkasi kwenye kitambaa kabla sijapokea nusu.

Kama una mgonjwa, lifikirie hilo kuliko yote. Mama yangu ana ugonjwa wa moyo. Homa na presha tunamalizia hapa hapa hospitali ya Bombo, lakini kliniki yake iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar, kilomita kama 350. Safari moja inanila siku tatu za kazi na kumchosha yeye zaidi yangu. Hiyo sikuipigia hesabu nilipofurahia kodi ya Makorora, na inaniuma.

Wengine mnaniuliza kuhusu bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linaloishia Chongoleani hapa Tanga, na bandari iliyoongezwa kina. Ajira za ujenzi huisha na ujenzi. Usihamishe familia kwa sababu hiyo peke yake.

Mwenzangu mmoja wa Mbagala anakuja wiki ijayo. Cherehani kaiacha kwao. Nimemtengea kigoda barazani, karibu na mlango, aone vizuri wanaoingia.