Kabla hujapanga wilaya ipi ya kwanza ipi ya mwisho

Kuna siku nilipewa kazi ya kulinganisha takwimu za afya wilaya kwa wilaya, nikakesha na Excel, nikazipanga kuanzia bora mpaka mbovu, nikapaka kijani na nyekundu, jedwali likapendeza kweli. Kesho yake kikaoni mama mmoja mtu mzima, mzoefu wa hizi kazi, akaangalia ile namba moja yangu yenye vifo sifuri, akacheka. "Mwanangu, hawa hawajaleta ripoti tangu mwezi wa pili." Kumbe zile seli tupu nilizijaza 0 mwenyewe ili fomula isigome, na hivyo ndivyo nilivyowapa ushindi watu ambao hawajaandika kitu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Toka siku ile, kabla hata sijaiangalia namba nauliza vituo vingapi vilitakiwa kuleta ripoti na vingapi vimeleta. Kama huku wameleta 95% na kule 60%, hapo hulinganishi huduma ndugu yangu, unalinganisha makarani.

Na yule wa mwisho kwenye jedwali langu? Wilaya yenye hospitali ya rufaa. Mahututi wote wa jirani wanakimbizwa pale, akifariki anaandikwa alipofia sio alikotoka, sasa utailaumu vipi wilaya kwa kupokea wagonjwa wa wenzake? Tafuta takwimu zilizohesabiwa kwa makazi ya mgonjwa, ukizipata picha inaweza kugeuka kabisa.

Kugawa kwa idadi ya watu nadhani kila mtu anajua, madaktari 40 kwa watu laki 8 ni 5 tu kwa kila laki, wakati 6 kwa watu elfu 60 ni 10. Ila angalia hiyo idadi ya watu imetoka wapi, maana mara nyingi ni makadirio ya sensa ya zamani, na mji uliofurika wahamiaji unakuja na chanjo 112%, yaani wamechanjwa watoto wengi kuliko waliopo!

Sehemu ndogo nazo zina vituko. Marekani kaunti zenye viwango vya chini kabisa vya saratani ya figo ni za vijijini zenye watu wachache, utasema hewa safi hiyo, halafu zenye viwango vya juu kabisa nazo ni za aina hiyo hiyo. Watu wakiwa wachache mgonjwa mmoja tu anarusha asilimia juu, asipokuwepo inaanguka. Mimi najumlisha miaka mitatu, inatulia kidogo.

Siku hizi jedwali langu lina rangi ya tatu, kijivu, ya wale ambao hawajaleta. Mabosi hawaipendi, kila kikao lazima mmoja aulize "sasa huyu ni wa ngapi?" Namwambia bosi, huyu bado hajafika.