Glasi ya bluu haiinuliwi dirishani: kwa waongozaji wapya wa safari za mafuta ya zeituni

Wiki iliyopita nilikaa kimya nyuma ya chumba cha kuonjea, kwenye kinu kimoja mkoani Jaén, Hispania, nikimsikiliza kijana wetu mpya. Sauti anayo, ucheshi anao, wageni wameshamzoea. Mara akainua glasi ya bluu kuelekea dirishani: "Hebu tazameni rangi yake." Jamani, wadogo zangu! Glasi ile imetiwa bluu makusudi ili rangi isionekane. Mwenye kinu hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Ndiyo sababu ya waraka huu.

1. Rangi si daraja. Yapo ya kijani mabovu na ya dhahabu bora. Tusirudie.

2. Asidi haionjwi. Kile kikomo cha asilimia 0.8 cha ekstra vajini, daraja la juu kabisa la mafuta, hupimwa maabara, si kwa ulimi. Kinachowasha koo ni oleokanthali, kemikali ya asili ya mafuta haya, na wala si kasoro. Mgeni akikohoa, mpongeze. Anayetaka kujua uchungu wa zeituni umetoka wapi, mwache achume moja mtini aitafune. Hatarudia.

3. Onja kabla ya wageni. Hapa mnivumilie.

Ulikuwa msimu wangu wa pili. Nilipewa watu 12, kwenye orodha wameandikwa "wapenda chakula". Kwenye safari za namna yetu mnajua maana yake: humo ndani yumo anayeijua kazi kukushinda. Mimi wakati huo nilisoma tu kwamba watapenda kula. Jioni ya kuamkia ziara, mwenye kinu akanipigia simu: njoo nusu saa mapema tuonje pamoja. Nikamjibu, "Usijisumbue mzee, mafuta nayajua." Naandika maneno hayo na masikio yananiwaka. Asubuhi nikanywa kahawa mbili, nikajipulizia manukato nipendeze, nikaingia.

Glasi tatu mbele ya kila mtu, hazina majina. Mzee akanipa heshima ya kuongoza. Ya kwanza ya zeituni aina ya Arbequina, laini, nikaitambua, kichwa kikavimba. Ya pili haikuchoma hata kidogo, na ilinukia zile zeituni za chumvi za mezani. Nikaipenda! Ya tatu ikanikamata koo mpaka machozi yakanitoka. Basi nikasimama wima nikatoa hukumu: ya pili ndiyo tunda lenyewe linavyosema, na hii ya tatu, kwa ukali huu, nadhani imeharibika.

Kimya. Bibi mmoja mwishoni mwa meza, mpole kabisa, akauliza kama ile harufu ya pili si ya zeituni zilizorundikwa. Kumbe amekaa miaka kwenye jopo la waonjaji. Na kumbe mzee aliiweka ile glasi kama mtego wa kufundishia: matunda yaliyolala kwenye rundo bila hewa, yakachacha kabla ya kusagwa, kasoro ambayo mwanafunzi wa wiki ya kwanza huionyesha kwa kidole. Ya tatu ilikuwa ya zeituni aina ya Picual, zao lake mwenyewe la Oktoba. Ukichuma mapema hivyo kilo zile zile hukupa mafuta machache, naye alikubali hasara hiyo ili apate ukali ule ule niliouita uharibifu mbele ya wageni wake.

Angeniumbua, ningemshukuru. Hakufanya hivyo. Alicheka akasema, "Mwongozaji wenu anapenda utani," akachukua usukani. Nilinunua makopo sita ya Picual kwa pesa yangu, na kwenye basi, njia nzima hadi mji wa Baeza, hakuna aliyeniuliza swali. Hata la choo.

Kuna watu hunishangaa kwa nini nafika kinuni mapema kuliko mfagiaji. Sasa mnajua.

4. Kahawa, sigara, manukato. Baraza la Kimataifa la Zeituni linataka nusu saa bila kahawa wala sigara kabla ya kuonja. Mimi natangaza saa nzima, maana nusu saa ya mtalii ni dakika kumi.

5. Kalenda. Mavuno huanza Oktoba, yakachelewa sana ni Februari. Kwa hiyo anayeandika kwenye ratiba ya Agosti kwamba "mtaona mafuta yakitoka" ajiandae kueleza mashine iliyooshwa na kufunikwa turubai. Kiangazi uza mizeituni yenyewe, ipo zaidi ya milioni 60 mkoa mzima, na makumbusho ya zeituni ya Puente del Obispo. Na hata msimu ukiwa umepamba moto, mbona mnapeleka watu saa nne asubuhi? Saa hizo wachumaji wako shambani, mnakuta sakafu safi na jamaa mmoja na mpira wa maji. Nendeni jioni, matrela yakiwa foleni na rojo la zeituni zilizosagwa likizunguka kwenye mashine ya kukandia. Wageni wangu waliolalamikia chakula cha mchana cha saa nane walisahau yote waliponusa hewa ya pale mlangoni.

6. Maelezo yatolewe nje. Ndani kuna kelele, na kuna mafuta sakafuni. Viatu vya kisigino vibaki hotelini.

7. Vinu viwili kwa siku vinatosha. Cha tatu ulimi umeshalala.

8. Kopo la nusu lita halipiti kwenye begi la mkononi. Lisemwe dukani, lisemwe hotelini, lisemwe kwenye basi. Nimewahi kumwona mgeni akimhubiria askari wa uwanja wa ndege habari za mavuno ya mapema, na kopo lake tayari liko njiani kwenda pipani.

Kundi la Alhamisi linaondoka saa mbili asubuhi. Nitasimama mlangoni pa basi nikinusa. Atakayenukia waridi atakaa na dereva. Na yule kijana wa dirishani aje kinuni nusu saa kabla yetu, mzee anamsubiri na glasi tatu.