Kifungo cha koti na wapelelezi wasio na kitambulisho

Mwenzetu aliyeuliza ameeleza kwamba amejaribu kusoma riwaya mbili za aina hii, zile ambazo mauaji hutokea katika kijiji kitulivu, damu haionekani, na mzee mmoja asiye na cheo wala bunduki ndiye anayemfichua muuaji huku polisi wakiendelea kukisia, na kwamba hakuona ni nini kinachowafanya watu wazima wenye akili zao wazirudie kama watoto wanaodai hadithi ileile kila usiku. Nitamjibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu swali hilo niliwahi kuwa nalo mimi mwenyewe, tena kwa dharau kubwa kuliko yake.

Kwanza niseme ninaziitaje. Sijakutana na jina moja la Kiswahili lililozoeleka kwa tawi hili la riwaya ya upelelezi. Mimi huliita upelelezi mwanana, kama tunavyosema upepo mwanana, na mhusika wake mkuu humwita mpelelezi wa ridhaa, kama tunavyosema bondia wa ridhaa: anaifanya kazi hiyo bila mshahara, bila kitambulisho, na mara nyingi bila kuombwa na mtu yeyote.

Nilianza kuzisoma hospitalini. Baba yangu alikuwa amelazwa kwa wiki saba, nami nilikuwa nikikaa naye kuanzia alasiri hadi muda wa kutolewa wageni. Katika chumba cha kungojea palikuwa na rafu ya vitabu vilivyoachwa na jamaa za wagonjwa, na nilichukua kimoja kwa sababu tu herufi zake zilikuwa kubwa na taa ya wodini ilikuwa hafifu. Mpelelezi wake alikuwa mjane, mshonaji wa nguo. Tajiri mmoja amekufa kwa sumu iliyotiwa katika dawa yake ya kikohozi, na nyumbani kwake wanaishi watu sita ambao kila mmoja ana sababu ya kutolia msibani. Nilimsomea baba kwa sauti ya chini, sura mbili kila jioni. Mimi nilimshuku mpwa wa marehemu, kijana mwenye madeni na hasira za karibu; lakini baba, ambaye hakuwa msomaji wa riwaya, aliniambia akiwa amefumba macho: "Si yeye, mwanangu. Mtu anayesemwa hivyo tangu sura ya pili hawezi kuwa ndiye." Siku tulipokaribia kujua nani kati yetu alikuwa sahihi, tukakuta kurasa za mwisho zimechanwa.

Nakala kamili niliipata miezi kadhaa baadaye, baba akiwa ameshapona na kurudi nyumbani, na nilisoma kurasa zile zilizokosekana nikiwa nimesimama. Muuaji alikuwa karani wa marehemu, mwanamke mpole aliyewaambia polisi, katika mazungumzo yaliyoonekana ya kupitisha muda tu, kwamba yeye hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Katika sura ya nne mjane yule alikuwa amelishika koti la marehemu, ambalo kila mtu alisema halijatolewa kabatini tangu mwaka uliopita, akagundua kwamba kifungo kimoja kimeshonwa upya: uzi wake ulikuwa bado unang'aa, na ulikuwa umezungushwa mara kadhaa chini ya kifungo ili kukinyanyua kidogo kutoka kwenye kitambaa, kama afanyavyo mtu aliyefundishwa na fundi. Sura tatu mbele, karani anapomkabidhi kikombe, mjane anatazama mikono ya blauzi ya karani huyo, na mwandishi anatuambia, katika nusu ya sentensi, kwamba vifungo vyake vimekaa vizuri. Basi. Kifungo cha koti kilikuwa kimenyofoka karani alipokuwa akipekua mifuko kutafuta ufunguo wa kabati la dawa, naye akakirudishia haraka ili asiache alama. Na kifungo hicho ndicho kilichompeleka kifungoni.

Nilichukia kidogo, kisha nikarudi sura ya nne. Kila kitu kilikuwemo. Nilikuwa nimemsomea baba kipande kile kwa sauti yangu mwenyewe, nikakiharakisha, nikidhani kwamba mwandishi anapamba tu, kwa vile habari za nyuzi na vifungo niliziona ni mambo ya kike yasiyo na uzito wowote katika shauri la mauaji. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kitabu kilikuwa kimenikamata mimi kabla hakijamkamata karani.

Kwangu mimi mvuto wa riwaya hizi umejikita hapo. Wanaozitetea husema kwamba zinafariji, na wanaozibeza husema hivyohivyo kwa sauti nyingine. Mimi naona kwamba faraja ipo, lakini si ndiyo inayomrudisha msomaji. Kinachomrudisha ni kuona ujuzi usiohesabiwa ukihesabiwa. Mpelelezi wa ridhaa hana maabara, hana uwezo wa kumwita mtu akatoe maelezo, hana haki ya kupekua nyumba. Anachojua ni kushona, au kupika, au kutunza bustani, au kupanga vitabu katika maktaba, au kukaa muda mrefu mahali pamoja akiwatazama watu, na hadithi nzima imejengwa ili ujuzi huo, ambao inspekta anaukatiza kwa adabu, uwe ndio ufunguo pekee unaoingia kwenye kufuli lile.

Jane Marple, bibi mpelelezi ambaye mwandishi wa Uingereza Agatha Christie alimtoa kwanza katika hadithi fupi mwaka 1927 na kisha katika riwaya mwaka 1930, ndiye mfano unaojulikana zaidi, na njia yake ya kufikiri inafaa kutazamwa kwa karibu. Yeye hulinganisha. Akikutana na mshukiwa, humkumbuka mtu fulani wa kijijini kwake, labda kijana aliyewahi kutumwa dukani akarudi na hesabu pungufu, labda mtumishi aliyekuwa mchangamfu kupita kiasi, na kutokana na kisa hicho kidogo anajua mtu huyu mkubwa atafanya nini. Wanaomsikiliza huona kwamba bibi amepotea njia, anasimulia habari za jirani zake wakati maiti iko chumbani, ilhali kumbe yeye ndiye pekee anayesoma mbele. Hakuwa wa kwanza wa namna yake: Anna Katharine Green wa Marekani alikuwa tayari amemwandika Amelia Butterworth, mwanamke mtu mzima asiyeolewa na mwenye kuchungulia dirishani, mwaka 1897. Naye kasisi wa kubuni wa mwandishi G. K. Chesterton, Padri Brown, aliyeanza mwaka 1910, humweleza mwizi aliyemdharau kwamba mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza dhambi halisi za watu hawezi kuwa mgeni wa uovu.

Hapa huenda mtu akasema kwamba huo si upelelezi, ni umbeya. Ni kweli kwamba malighafi ni ileile, na ni kweli pia kwamba wapelelezi hawa huingiza pua pasipowahusu. Lakini mbeya hana subira ya kukaa na habari hata usiku mmoja, wakati mpelelezi huikalia wiki nzima, akiipima na nyingine tatu, akingoja mtu fulani aseme neno lisilolingana na alilolisema juzi. Mimi binafsi nisingependa kuishi nyumba jirani na mtu wa namna hiyo. Kumsoma ni jambo jingine.

Nina kisa changu kidogo kinachonifanya niwe mwepesi wa kuziamini riwaya hizi. Katika ofisi moja niliyowahi kuifanyia kazi lilipotea jalada muhimu, na lawama ikamwangukia mtunza kumbukumbu, kijana mgeni kazini. Vikao viwili vilifanyika, maelezo ya maandishi yalitakiwa, na mkubwa wetu mmoja akaanza kuzungumzia uwezekano wa hongo. Siku ya kumi na moja mama aliyekuwa akifagia ofisi alisimama mlangoni akauliza kama jalada linalotafutwa ni lile la buluu lililokuwa likizuia dirisha la chumba cha juu lisigonge wakati wa upepo. Ndilo. Alipoulizwa kwa nini hakusema mapema, alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza, na kwamba alidhani wakubwa wanajua walikoliweka. Hakukuwa na mwizi wala maiti, na kijana aliombwa radhi kwa namna ambayo haikuwa radhi hasa; lakini tangu siku ile, ninapofika mahali katika riwaya ambapo inspekta anampita mtumishi wa ndani bila kumsalimu, huwa napunguza mwendo wa kusoma.

Ukiachilia mbali hilo la nani anaulizwa na nani haulizwi, kuna ufundi, na usione vyaelea, vimeundwa. Aina hii ya riwaya ilikomaa kati ya vita kuu mbili, na waandishi wake waliichukulia kama mchezo wenye sheria. Ronald Knox, ambaye alikuwa padri na mwandishi wa hadithi za upelelezi, alitoa amri kumi mwaka 1929, miongoni mwake kwamba mambo ya kimizimu hayaruhusiwi, kwamba vyumba na njia za siri visizidi kimoja, na kwamba mpelelezi asikutane na kidokezo ambacho msomaji hakuonyeshwa papo hapo. Mwaka uliofuata waandishi wa Uingereza waliunda chama chao, Detection Club, na wanachama wakala kiapo, nusu kwa mzaha, cha kutomdanganya msomaji. Amri ile ya kidokezo ndiyo iliyonifanya nirudi sura ya nne na kukosa wa kumlaumu isipokuwa macho yangu.

Sumu nayo ina maana yake, kwa hiyo mwuliza swali asidhani kwamba waandishi hawa wanaogopa tu kuchafua zulia. Christie alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na alizifahamu dawa kwa vipimo vyake; lakini hata asiyezifahamu angevutwa na sumu kwa sababu haihitaji nguvu za mwili, inapita katika mikono ya kila siku, yaani kikombe, kijiko, chupa iliyo kando ya kitanda, na inaweza kutenganisha saa ya kutenda na saa ya kufa, kiasi kwamba kila aliyeingia jikoni tangu asubuhi anakuwa mshukiwa. Bunduki huuliza nani alikuwepo. Sumu huuliza nani anaaminiwa, na kikulacho ki nguoni mwako.

Kuhusu kukosa damu, mshairi W. H. Auden, aliyekiri katika insha ya mwaka 1948 kwamba hadithi hizi zilimtawala kama tumbaku au pombe, aliandika kwamba maiti katika hadithi ya namna hii inapaswa kushtua kwa sababu iko mahali isipostahili kabisa, kama mbwa anapochafua zulia la sebuleni. Nakubaliana naye kabisa hapo. Simwungi mkono anaposema kwamba hadithi ikishasomwa husahaulika na haina haja ya kurudiwa. Usomaji wa pili ndio ninaoupenda zaidi, wakati ninamjua muuaji na ninamtazama akikaribisha wageni.

Sasa nikubali mapungufu, maana yapo na si machache. Uwezekano wa mambo haya kutokea ni mdogo mno. Tamthilia ya televisheni ya Marekani, Murder, She Wrote, iliyorushwa kuanzia mwaka 1984 hadi 1996 iliua watu wengi sana wa mji wake mdogo wa kubuni, Cabot Cove, hata jina la mji likawa mzaha wa watazamaji. Hilo halinisumbui: msomaji akishaitikia pakawa, hana tena haki ya kuuliza sungura amejifunzia wapi kusema. Kinachonisumbua ni vitabu vya zamani kuwafanya watumishi kama samani na wageni kama wahalifu wa kuzaliwa. Kinachonisumbua pia ni polisi kufanywa wajinga ili bibi aonekane mwerevu, wakati mwandishi hodari humpa bibi inspekta mwenye akili anayetazama upande mwingine. Na ile sura ambayo mpelelezi anakwenda peke yake usiku kumkabili muuaji, bila kumuaga mtu, ningeipiga marufuku kama ningekuwa na amri ya kumi na moja.

Vitabu vingi vya siku hizi vina paka jaladani, duka la maua au la vitabu, na maelezo marefu ya shughuli za duka hilo. Kipimo changu ni kimoja. Mwondolee mpelelezi ufundi wake, mfanye awe karani wa benki badala ya muuza maua, kisha ujiulize kama muuaji angepatikana kwa njia ileile. Akipatikana, maua yale yalikuwa pambo tu, na pengine vile viwili alivyovisoma mwenzetu vilikuwa vya namna hiyo, jambo ambalo lingetosha kueleza uchovu wake. Achague kimoja ambacho kidokezo kinatoka ndani ya kazi ya mtu, asome polepole penye mambo yanayoonekana ya kipuuzi, na akifika mwisho arudi nyuma akatafute mahali alipopitwa.

Ile nakala iliyochanwa niliirudisha kwenye rafu ya chumba cha kungojea, siku niliyokwenda kuchukua majibu ya mwisho ya vipimo vya baba. Nilitamani kuandika jina la muuaji nyuma ya jalada, kwa huruma tu kwa atakayefuata. Mwishowe niliandika kwa penseli namba ya ukurasa wenye kifungo.