Maswali ya Wasomaji: Kuishi na ALS Nyumbani

Barua za safari hii zinahusu ALS, ugonjwa unaoua taratibu seli za neva zinazoamrisha misuli. Dozi tunazozitaja ni za kuzungumza na daktari, si za kujipimia dukani.

Mume wangu ana miaka 54. Alianza kwa kushindwa kufunga vifungo vya shati, sasa mkono umekonda na misuli inachezacheza hata akiwa amelala. Tumeambiwa ni ALS. Ukweni wanasema karogwa, wengine hawataki kula naye. Je, unaambukiza? Na kama daktari kakosea? – Mke, Tanga

Pole sana, dada. Hauambukizi kwa chakula, kwa mate wala kwa tendo la ndoa. Kuleni sahani moja. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 hawana mwenzao katika ukoo. Kwa waliobaki ni jambo la kurithi.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha ALS. Daktari huifikia kwa kuondoa mengine: picha ya MRI ya shingo, kipimo cha umeme wa neva na misuli, na damu ya kuangalia VVU, kaswende, homoni za tezi na vitamini B12. Kama hajapigwa picha ya shingo, ombeni apigwe, maana pingili zikibana uti wa mgongo mikono hukonda vilevile, na hilo lina matibabu. Angalieni pia kama ana ganzi. ALS kwa kawaida huacha hisia za ngozi zikiwa salama, kwa hiyo mwenye ganzi ya wazi anastahili kuangaliwa upya.

Dawa ya ALS iitwayo riluzole inaponya? Bei yake inatutoa jasho. – Msomaji, Nairobi

Haiponyi. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1995; ni kidonge cha miligramu 50 asubuhi na jioni, na katika majaribio iliongeza uhai kwa wastani wa miezi miwili mitatu. Ini lipimwe kila mwezi kwa miezi 3 ya mwanzo. Kama fedha ni ya kitu kimoja tu, sisi tungeanza na mashine ya kupumulia. Soma jibu la barua ya Morogoro hapa chini.

Mama anapaliwa na maji na chai, lakini ugali anaumeza. Si ingekuwa kinyume? – Binti, Mombasa

Wengi hushangaa. Kitu chepesi kama maji hukimbia kooni kabla misuli dhaifu haijawahi kufunga njia ya hewa. Kibaya zaidi ni mchanganyiko: wali na mchuzi mwepesi, au supu yenye vipande, kwa sababu maji hutangulia na punje hubaki nyuma. Mpe vitu vya uzito mmoja: uji mzito, mtindi, ndizi iliyopondwa, juisi ya embe isiyoongezwa maji. Akae wima kabisa, kidevu akiinamishe kifuani anapomeza, kijiko kiwe cha chai, na asisemeshwe akiwa na kitu mdomoni. (Mgeni mwenye maswali asubiri sebuleni.) Akimaliza abaki ameketi nusu saa.

Mpimeni uzito kila mwezi. Kukonda kunafupisha maisha katika ugonjwa huu, kwa hiyo ongezeni parachichi, tui zito na siagi ya karanga kwenye uji bila woga wa mafuta. Akipoteza kilo 5 kati ya 60, zungumzeni na daktari kuhusu mrija wa kulishia unaopitishwa kwenye ngozi ya tumbo. Familia nyingi husubiri hadi ashindwe kula kabisa, na hapo ndipo mambo huharibika: kuuweka kunahitaji alazwe na apewe dawa ya usingizi, na mtu ambaye nguvu ya pumzi yake imeshuka chini ya nusu ya kawaida anaweza asiistahimili kazi hiyo. Auwekewe mapema, hata kama bado anakula kwa mdomo. Mrija husafishwa kwa mililita 30 za maji kabla na baada ya kila mlo, na uji uchujwe kwa kitambaa; usiochujwa ndio unaoziba.

Baba haoni raha kulala chali. Huamka na kichwa kinauma, mchana anasinzia. Hospitali imetupa mtungi wa oksijeni, lakini tangu auanze anasinzia zaidi. – Kijana, Morogoro

Barua yako haiwezi kusubiri toleo lijalo, nenda hospitali leo hii. Mapafu ya baba hayana ugonjwa. Kilichochoka ni kiwambo, msuli unaoyavuta, kama mivukuto ya mhunzi iliyokosa mtu wa kuivuta. Akilala, hewa chafu ya kabonidioksaidi inabaki ndani, na ndiyo inayomletea maumivu ya kichwa ya asubuhi na usingizi wa mchana. Oksijeni ya mtungi haiiondoi hewa hiyo, na inaweza kumfanya apumue kidogo zaidi. Msiifunge wenyewe ghafla. Mwambieni daktari apime kabonidioksaidi kwenye damu. Dawa za usingizi kama diazepam msimpe kwa sasa.

Anachohitaji ni BiPAP, mashine inayosukuma hewa kwa barakoa kila anapovuta pumzi. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha kwamba waliokuwa bado na nguvu ya kumeza na kusema waliongezewa takriban miezi 7, na usingizi ukawa mzuri. Kwa kawaida huanzwa na shinikizo dogo, sentimita za maji (cmH2O) 8 hadi 10 la kuvuta na 4 la kutoa, kisha hupandishwa taratibu. Aizoee mchana kwanza, saa moja akitazama taarifa ya habari. Barakoa ikivuja, ndugu hukaza mikanda, na matokeo yake ni kidonda juu ya pua. Legeza, nyoa ndevu, au badilisha saizi. Umeme ukikatika, betri itadumu zaidi mkizima kipasha maji cha mashine.

Sauti ya mke wangu inapotea. Simu za kuandikia kwa macho hatuziwezi kwa bei. – Mume, Kigoma

Kwanza arekodi kwenye simu sasa hivi: majina ya watoto, "njoo", utani wake. Kisha chukua kadibodi uandike kwa herufi kubwa:

A B CH D
E F G H
I J K L M N
O P R S T
U V W Y Z

Msaidizi huuliza, "Mstari wa kwanza? Wa pili?" Akitazama juu ni ndiyo. Halafu anataja herufi za mstari huo moja moja, huku mtu mwingine akiandika. Usimmalizie neno bila kumuuliza. Nyuma ya kadibodi andika ya kila siku: nigeuze, mate, mbu, joto, mkono umelala vibaya. Macho ndiyo hudumu zaidi katika ugonjwa huu.

Akicheka au kulia ghafla bila sababu, si wazimu. Ni dalili mojawapo, na amitriptyline ya usiku huisaidia na hupunguza mate pia.

Mimi ndiye mgonjwa. Nijibuni bila kuficha: nitakufa kwa kukabwa? – Msomaji, Dar es Salaam

Ndugu yetu, kwa kawaida hapana. Wengi huanza kusinzia zaidi na zaidi hewa chafu inapopanda, na hufariki wakiwa usingizini. Woga wa kukosa pumzi una dawa: mofini ya maji kwa kiasi kidogo, mara nyingi miligramu 2.5 kila saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo. Ulizia huduma ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa asiyeponyeka. Hapo Dar es Salaam anzia Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ugonjwa wako si saratani, lakini mofini wanaijua vizuri na wanaweza kukuelekeza.

Amua sasa, ukiwa bado unasema, kama utataka kutobolewa koo na kuwekwa kwenye mashine. Inahitaji mtu wa kunyonya makohozi usiku na mchana, na haizuii ugonjwa kuendelea. Una haki pia ya kusema BiPAP iondolewe siku fulani. Daktari akupe kwanza dawa za kutuliza, ndipo barakoa itolewe. Uamuzi uandikwe, usaini au uweke dole gumba mbele ya mashahidi, nakala moja ikae kwenye faili la hospitali na nyingine kwa yule atakayekupeleka hospitali usiku.