Umeangushwa kura za maoni? Rudi ukawashukuru

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa mdogo wangu mmoja, sitamtaja jina. "Dada, nimepata kura sita. Sita! Na wajumbe kumi na wawili walikula kwangu Jumapili. Nihame chama au niachane na siasa kabisa?" Niliusoma mara tatu. Mara ya tatu machozi yalinitoka, kwa sababu mimi mwenzake nilipata tisa.

Ilikuwa Julai 2020. Nilikuwa nimerudi mwaka mmoja tu kutoka Taiwan, nina shahada ya uzamili mkononi, nagombea udiwani wa kata niliyozaliwa. Darasa la shule ya msingi, madirisha wazi, watu wamejazana nje wakichungulia. Msimamizi anafungua karatasi moja moja na kusoma majina. Jina langu likasomwa mara mbili mfululizo, moyo ukaruka. Halafu likapotea. Mjumbe mmoja ambaye mwanawe nilimkodishia gari usiku wa manane kwenda hospitali alikuwa amekaa benchi la mbele. Nilipomtazama, akainama kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyake vilikuwa ndala.

Nilizima simu wiki tatu. Nikaimba wimbo wa kila mtu mwaka ule: wajumbe si watu. Mama yangu aliniletea uji mlangoni na kuondoka bila neno.

Aliyenitoa chumbani ni mwanamke ambaye hajui kama nipo duniani. Anaitwa Hsiao Bi-khim. Nilisoma Hualien, pwani ya mashariki ya Taiwan, sehemu ndefu nyembamba iliyobanwa kati ya milima na bahari ya Pasifiki, na nilipofika 2016 yeye ndiye alikuwa mbunge wa jimbo. Wenzangu wa bweni walikuwa wakimzungumzia kama jirani. Historia yake niliifuatilia kidogo kidogo, ila maana yake niliielewa nikiwa kitandani na kura zangu tisa.

Alizaliwa Kobe, Japani, 1971, baba Mtaiwani, mama Mmarekani, akakulia Tainan. Aliingia bungeni 2002 kupitia orodha ya DPP, chama kisichotaka Taiwan iwe chini ya China, na ilibidi aukane uraia wa Marekani. 2004 akashinda kwa kura za wananchi Taipei. Hadi hapo mambo safi. Kisha ukaja mchujo wa chama wa 2007. Watu wa chama chake mwenyewe, si wapinzani, walimbandika jina la kumtia shaka kwamba anaegemea China. Akaangushwa. 2008 akawa nje ya bunge.

Ndugu yangu, hapo ndipo ulipo wewe leo. Mimi pia nilikuwa hapo.

Tazama alichofanya. 2010 ukatokea uchaguzi mdogo Hualien, ngome ya Kuomintang, chama kikuu kinachoshindana na DPP, ambako mtu wa DPP alikuwa anakwenda kushindwa tu. Akaenda, akashindwa. Lakini hakufunga virago. Aliendelea kukanyaga vijiji vile, na hata aliporudi bungeni 2012 kwa orodha ya chama, Hualien hakuiacha. Januari 2016 akalichukua jimbo kutoka kwa Wang Ting-sheng, yule yule aliyemshinda 2010. Miaka sita! Sisi tunataka kata kwa miezi miwili ya fulana na pilau.

Na haikuishia hapo. Januari 2020 akalipoteza tena, safari hii kwa Fu Kun-chi, aliyewahi kuliongoza eneo hilo. Julai ile ile niliyokuwa nimejifungia, yeye alikuwa anaanza kazi Washington kama mwakilishi wa Taiwan, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mei 20, 2024 akaapishwa kuwa Makamu wa Rais. Nilitazama kiapo kwenye simu, nimesimama jikoni, na sioni haya kusema nilipiga vigelegele peke yangu.

Sasa nikupe ushauri wenyewe. Wataiwani wana desturi wanayoiita xiepiao, kushukuru kura. Uchaguzi ukiisha, mgombea hurudi barabarani kuwashukuru watu, na aliyeshindwa naye hurudi. Novemba 2018, baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa, nilimwona mmoja kwenye makutano ya barabara karibu na soko nililokuwa nanunua mboga. Manyunyu yanapiga. Amevaa kizibao chake cha kampeni chenye namba, ameshindwa, na kila taa ikiwa nyekundu anayainamia magari kiuno chote. Muuza mboga akaacha mizani, akamkimbilia na mwavuli. Wakati ule niliona kichekesho. Mungu anisamehe.

Septemba 2020 nilitoka ndani. Nilikwenda kwa wajumbe wote, nyumba kwa nyumba, bila fulana na bila bahasha. Yule wa ndala nilimwachia wa mwisho. Hakunikaribisha kiti. Nikasema nimekuja kushukuru kwa kunisikiliza, nikaaga. Nimefika kwenye mwembe akaniita: "Binti, maji hapa yanatoka mara moja kwa wiki. Hukulisema hilo hata siku moja."

Kweli sikulisema. Nilikuwa nasema uzamili, nasema Taiwan. Leo mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, mwaka wa tatu sasa, na bomba la mtaa wake linatoka siku nne kwa wiki. Najivunia, na nina haki ya kujivunia.

Kuhama chama kwa hasira usifanye. Na acha kuhesabu waliokula wali wako, chakula ulikitoa mwenyewe. Vijana wa siku hizi mnataka jina kabla ya kazi, mnataka kiti kabla ya kujulikana mnakaa wapi. Nenda kwa watu. Nenda ukiwa umeshindwa, ndipo watakuambia ukweli.

Jumamosi hii anza na wale kumi na wawili. Usibebe chochote. Na yule uliyeniandikia kwamba hutaki hata kumwona, mwache wa mwisho, ila usimruke.