Toa hiyo "was" kabla hujaituma ripoti

Usiitume hiyo ripoti. Umeuliza maana za kitenzi "spread", matamshi yake, tofauti yake na "scatter" na "expand", halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, ukaomba tukuangalizie sentensi hii: "The infection was spread in Ward 3." Sentensi hiyo ndiyo shida. Mengine yanaweza kusubiri.

Wewe ulitaka kusema maambukizi yalienea. Ulichoandika ni kwamba yalienezwa. Msomaji wa Kiingereza akifika hapo atauliza papo hapo: yalienezwa na nani? Muuguzi ambaye hakunawa mikono? Kifaa ambacho hakikutakaswa? Umeshamnyooshea mtu kidole bila kukusudia, tena ndani ya ripoti ya maambukizi, ambako neno kama hilo linaweza kumfanya mtu aitwe kujieleza.

Kosa linaanzia hapa. Kiswahili kina jozi: -enea na -eneza, -sambaa na -sambaza. Kitu kikijiendea chenyewe tunatumia cha kwanza, kikipelekwa tunatumia cha pili, na mwisho wa kitenzi unatuonyesha tofauti. Kiingereza kina umbo moja tu kwa kazi zote mbili. "The fire spread" ni moto ulienea. "The wind spread the fire" ni upepo uliueneza moto. Kitenzi hakijabadilika hata herufi. Kinachokuonyesha maana ni kama kuna yambwa (kitu kinachotendewa, kama "the fire" hapo) baada yake au hakuna.

Halafu kuna mtego wa pili juu ya huo. "Spread" haibadiliki wakati uliopita: ni spread, spread, spread. Sisi tumezoea kuona ile -li- ya "ulienea", kwa hiyo "The fire spread" inatuonekea pungufu, kama sentensi isiyo na wakati. Tunatafuta pa kuuweka wakati uliopita. Wengine wanaandika "spreaded", umbo ambalo Kiingereza sanifu hakilitambui. Wengine wanachomeka "was", na hili ni baya zaidi kwa sababu sentensi inabaki sahihi kisarufi huku maana imegeuka. Programu ya kukagua tahajia itaipigia mstari "spreaded", lakini "was spread" itaiacha ipite.

Kosa hili nimelibeba miaka mingi, na nawalaumu wazi waliotengeneza zile kamusi ndogo za mfukoni: "spread: enea, eneza, tandaza, paka", mstari mmoja, bila mfano hata mmoja. Ni sawa na kumpa mtu funguo nne bila kumwambia ipi ni ya mlango upi. Na walimu waliotukaririsha kwamba wakati uliopita ni -ed, vitenzi visivyofuata kanuni wakavipitia mbiombio, nao wana deni.

Kanuni ni moja. Kila unapoandika "was spread", iulize sentensi: na nani, au na nini? Kama jibu lipo na uko tayari kulitaja, acha "was". Kama jibu halipo, itoe. "The rumour was spread by a clerk": yupo karani, sawa. "The rumour was spread quickly": kama hukumaanisha kwamba kuna mtu aliyeueneza uvumi huo, andika "The rumour spread quickly."

Kuna mahali pamoja ambapo "are spread" inakaa vizuri bila mtendaji yeyote: unapoeleza jinsi vitu vilivyokaa, si safari yake. "The houses are spread across the valley", nyumba zimetapakaa bondeni. "The payments are spread over 12 months", malipo yamegawanywa katika miezi 12. Nyumba hazisafiri. Moto, habari, harufu na maambukizi husafiri, na vinavyosafiri havihitaji "was" ili vienee.

Ukishaitoa, usiongeze -s. "The infection spreads" ni huenea, kwa kawaida. "The infection spread" ni yalienea. Herufi moja ndiyo inayotenga tukio lililopita na tabia ya siku zote, na kwenye ripoti tofauti hiyo ni kubwa.

Sasa hiyo "in". Kiswahili kinatosheka na "wodini", nawe ukaifuata. Kiingereza kinakudai useme zaidi: yalifika wodini kutoka kwingine, au yalizunguka humo humo? Angalia madaktari wanavyosema: "The cancer has spread to the liver." Hiyo "to" inaeleza kwamba saratani ilianzia kiungo kingine na sasa imefika kwenye ini. Ukiandika "through the liver", unasema imeenea ndani ya ini lenyewe. Kwa Kiswahili zote mbili unaweza kuzisema "imeenea kwenye ini" na ukaeleweka kwa muktadha. Kwa Kiingereza muktadha hautakuokoa.

Aya ya pili ya ripoti yako nayo ina "Gloves were spread to all staff." Hapana. Sambaza ya kugawa vitu ni "distribute". Glavu "zilizo-spread" ni glavu zilizotandazwa mezani.

Matamshi ni "spred", kwa sauti ile ile ya "bread" na "head".

Rudi kwenye sentensi yako na uchague. Kama maambukizi yalitoka wodi nyingine: "The infection spread to Ward 3." Kama yalianzia humo na kuwapata wagonjwa wa kitanda hadi kitanda: "The infection spread through Ward 3." Na kama mna ushahidi kwamba kifaa fulani ndicho kilichoyabeba, kitaje: "The infection was spread by a contaminated thermometer." Hapo "was" ina kazi.