Magari ya Kale Yaliyokatwa na Kuundwa Upya: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Katika maonyesho ya magari ya kale niliona gari la Kimarekani aina ya Mercury la mwaka 1951 ambalo paa lake lilikuwa limekatwa na kushushwa, vitasa vya milango vimeondolewa na taa za mbele zimezamishwa ndani ya bodi. Watu walilizunguka kwa heshima, na juu ya boneti palikuwa na utepe wa ushindi. Hatua chache kutoka hapo, mwenye gari jingine alinieleza kwamba alipunguziwa alama kwa sababu ya bolti zisizo za enzi za gari lake. Je, waamuzi hawa hawajipingi wenyewe?

JIBU: Hawajipingi, ingawa naelewa kwa nini ilionekana hivyo. Maonyesho makubwa huyagawa magari katika madaraja, na kila daraja lina kipimo chake. Gari linaloshindanishwa kama lilivyotoka kiwandani hulinganishwa na kazi ya kiwanda, kwa hiyo bolti moja yenye kichwa cha aina nyingine huhesabiwa kuwa dosari. Gari lililogeuzwa hupimwa kwa ubunifu wa aliyeligeuza na usafi wa kazi yake, na iwapo mageuzi hayo yenyewe ni ya kale, huangaliwa pia yamehifadhiwa vipi.

Huenda ulichokiona kilifuata nyayo za Hirohata Merc, Mercury la 1951 lililogeuzwa huko California katika karakana ya ndugu wawili, George na Sam Barris, na kuonyeshwa hadharani mwaka 1952. Paa lilishushwa kwa inchi 4 mbele na inchi 7 nyuma, nguzo iliyosimama kati ya dirisha la mbele na la nyuma ikaondolewa, na ubavuni ukawekwa utepe wa kromu uliotoka kwenye Buick la 1952. Wakati huo gari lilikuwa bado jipya, na kiwanda kilikuwa kimeunda mengine ya aina hiyo kwa mamia ya maelfu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akiharibu urithi wa mtu. Mwaka 1959 kijana mmoja alilinunua kwa dola 500 tu. Mwaka 2015 lilisimama kwenye nyasi za Pebble Beach, maonyesho maarufu ya magari ya kale huko California, katika daraja lililotengwa kwa ajili ya Mercury zilizogeuzwa, na Januari 2022 liliuzwa mnadani kwa takriban dola milioni 2. Leo hii anayetaka kulirudisha katika umbo la kiwandani ndiye atakayekuwa ameliharibu.

Kazi yenyewe si ya kubahatisha. Nguzo za kioo cha mbele hulala kuelekea nyuma, kwa hiyo ukikata kipande na kulishusha paa moja kwa moja, ncha za juu hazikutani tena na ncha za chini. Fundi hulazimika kulirefusha paa, kuzilaza nguzo zaidi, au kufanya yote mawili. Kioo cha nyuma, ambacho kimepinda, hakikatiki kirahisi, na mara nyingi hulazwa upya pamoja na bati lote linalokizunguka. Zamani mafundi bodi walijaza maungio kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa kwa moto, wakayatandaza kwa kibao cha mti na kuyasawazisha kwa tupa. Leo wengi hutumia puti. Inama usawa wa mlango na utazame taswira ya taa ya dari ya ukumbi ikiteleza juu ya bati: mahali inapotetereka ndipo penye kiungo kilichojazwa vibaya. (Sumaku haitakusaidia kutofautisha, maana haishiki risasi wala puti, na mwenye gari hatafurahi ukiipachika kwenye rangi yake.)

Maoni yangu ni kwamba si kila ukataji unastahili makofi. Bodi iliyoliwa na kutu, ya gari lililotengenezwa kwa wingi, ni uwanja halali wa fundi mwenye mawazo. Kukata leo mojawapo ya magari machache yaliyobaki salama kama yalivyotoka kiwandani ni jambo jingine kabisa, hata kazi ikiwa nzuri kiasi gani.

SWALI: Kama bodi haikutengenezwa na kampuni ambayo jina lake liko kwenye gari, je, gari hilo ni halisi?

JIBU: Linaweza kuwa halisi kabisa. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, kampuni za magari ya kifahari ziliuza chasisi yenye injini, na mnunuzi akaipeleka kwa waunda bodi wa chaguo lake. Duesenberg Model J, lililozinduliwa mwishoni mwa mwaka 1928, liliuzwa hivyo: chasisi pekee iligharimu dola 8,500, na bodi ikalipiwa mbali. Ndiyo sababu chasisi mbili za aina moja zinaweza kubeba maumbo yasiyofanana hata kidogo, moja ikiwa imevishwa na Figoni et Falaschi wa Paris na nyingine na mafundi wa Milano. Katika magari haya, swali la kuuliza ni iwapo bodi iliyopo ndiyo ileile iliyofungwa mara ya kwanza.

Uchache nao usikupumbaze. Mercedes-Benz ilitengeneza 300 SLR Uhlenhaut Coupé 2 tu mwaka 1955, na moja kati ya hizo iliuzwa mwaka 2022 kwa euro milioni 135. Lakini yapo magari mengine machache ambayo uchache wao ulitokana tu na kukosa wanunuzi, na hakuna anayeyatafuta. Si hivyo kwa Bugatti Type 57SC Atlantic: zilikuwa 4 tu, na uti wake wa mgongo wenye ribiti, yaani ukingo uliosimama katikati ya bodi kutoka mbele hadi nyuma, unafaa kutazamwa kwa karibu. Gari la majaribio lililozitangulia lilikuwa na bodi ya aloi ya magnesiamu, ambayo ilikuwa vigumu kuichomelea, na ndiyo maana nusu mbili zikaunganishwa kwa ribiti. Atlantic zilizofuata ziliundwa kwa alumini, ambayo inachomeleka, lakini mbunifu wake, Jean Bugatti, aliubakiza uti ule kwa sababu ya uzuri wake.

SWALI: Nitatambuaje gari la kawaida lililovishwa alama za toleo adimu?

JIBU: Usianzie kwenye alama, kwa kuwa ndizo rahisi kununua. Anzia kwenye namba, na ujue namba za kila modeli zinasema nini. Mfano mzuri ni Pontiac GTO. Mwaka 1964 na 1965, GTO ilikuwa kifurushi cha nyongeza juu ya modeli ya LeMans, na namba ya gari haikionyeshi kifurushi hicho. Bila hati za kiwanda huwezi kuthibitisha lolote. Kuanzia 1966 hadi 1971 ikawa modeli inayojitegemea, na namba yake huanza na 242. Likija GTO la 1966 lenye mwanzo mwingine, mjadala umekwisha.

Kisha linganisha tarehe. Chuma cha injini huwa na tarehe ya kusubiwa, na vioo vingi vina alama ya wakati vilipotengenezwa. Injini iliyosubiwa baada ya gari kuunganishwa haikuzaliwa nalo, hata muuzaji akiapa. Tazama pia kibao cha namba: ribiti zenye mikwaruzo mipya kwenye kibao cha kale zinadai maelezo. Kwa Shelby Cobra uwe na shaka tangu mwanzo, kwa kuwa halisi za miaka ya 1960 hazikufika 1,000, ilhali nakala ni nyingi kuliko hizo mara kadhaa.

SWALI: Nina gari la kale ambalo rangi yake ya mwanzo imepauka na kupasuka. Nilipige rangi upya kabla ya kulipeleka kwenye maonyesho?

JIBU: Usiguse chochote kwanza. Mwaka 2024 tuzo kuu ya Pebble Beach ilikwenda kwa Bugatti Type 59 Sports la 1934, na lilikuwa gari la kwanza la daraja la uhifadhi, yaani la magari yaliyoachwa bila kukarabatiwa upya, kuipata. Lilikuwa limewahi kumilikiwa na Mfalme Leopold III wa Ubelgiji, na lilifika na rangi yake nyeusi iliyochoka, mistari ya njano ikiwa bado inasomeka. Waulize waandaaji kama wana daraja la aina hiyo. Kama wanalo, lioshe kwa maji na sabuni laini, usitumie dawa ya kung'arisha yenye chembe za kukwangua, na uizuie kutu isienee chini ya sakafu, ambako hakuna mwamuzi atakayekupa alama kwa kuiacha.